Waifai yenye paswedi inanikata kwenye Linux, nikitoa paswedi haikati. Naombeni ushauri

kopi_na_printi
Mbukwenyi wakuu, natumai wazima. Nina kistationari changu huku Ng'ong'ona karibu na chuo, kazi ni kuprinti, kuskani, kutoa kopi na kuwajazia vijana maombi ya mkopo. Laptopu yangu ni mtumba, nimeweka Debian kwa sababu Windows iliyokuwemo ilikuwa inaokota virusi kwenye kila flashi ya mwanafunzi, na tangu nihamie Linux miezi minne sasa nimepumzika kwa kweli.

Shida ni waifai. Inaunga vizuri, naperuzi, halafu ghafla inakata na kuniuliza paswedi upya kama vile nimekosea, na paswedi ni ile ile. Juzi imekata kijana akiwa hatua ya mwisho kabisa ya fomu, ikabidi aanze moja, aliniangalia kwa jicho hilo mpaka nikampa kopi za bure. Simu yangu na za wateja ziko kwenye ruta hiyo hiyo na hazikati hata siku moja.

Kilichonichanganya ni hiki, usiku mmoja baada ya kufunga duka nikatoa paswedi kwenye ruta, laptopu ikakaa saa tatu nzima haijakata, nikarudisha paswedi ikaanza tena. Nimebadili paswedi mara tatu, nimefuta mtandao na kuunga upya, nimehamisha ruta mpaka juu ya kabati. Nimekwama.

fundi_nkuhungu
Mkuu weka Windows ulale usingizi, hiyo Linux ni ya kwenye masava huko. Ama fungua nyuma uipulize kadi, kwa vumbi la Dodoma hii mwezi huu wa upepo sishangai.

kopi_na_printi
Mi ni dada, ukuu nautoa wapi 😀 Kupuliza nilishapuliza. Halafu vumbi gani hilo linalochagua mtandao wenye paswedi tu?

zabibu_chachu
Dada usiformati kitu. Hilo jaribio la kutoa paswedi limeshatufanyia nusu ya kazi, kumbe antena nzima, mawimbi yanafika, shida iko kwenye kufunga na kufungua data. Tupia hapa majibu ya hizi amri:

lspci -k
sudo iw dev wlp2s0 scan
journalctl -u wpa_supplicant

Jina wlp2s0 badilisha uweke la kwako, utaliona ukiandika ip link. Kwenye scan nataka mistari ya ruta yako tu, sio ya majirani. Na ukisoma mahali wanakwambia uwashe wpa_supplicant (programu inayounga waifai yenye paswedi) kwa -dd ili ieleze zaidi, sawa, ila usiongeze -K, hiyo inamwaga funguo zenyewe kwenye logi, utajikuta umetubandikia siri za duka.

kopi_na_printi
Asante kaka, nimenakili kilichoonekana cha maana. Kadi ni AR9285, draiva imeandikwa ath9k. Kwenye scan:

Group cipher: TKIP
Pairwise ciphers: CCMP TKIP

Logi ya leo asubuhi, anwani ya ruta nimeificha:

10:12:04 WPA: Group rekeying completed with [ruta] [GTK=TKIP]
10:22:04 WPA: Group rekeying completed with [ruta] [GTK=TKIP]
10:32:08 CTRL-EVENT-DISCONNECTED bssid=[ruta] reason=16

zabibu_chachu
Haya angalia saa zako. Dakika kumi, dakika kumi, halafu ya tatu umefukuzwa. Hapo hakuna bahati mbaya.

Ukiunga kwenye mtandao wa namna hii mnapewa funguo mbili. Mmoja ni wako na ruta peke yenu, mwingine ni wa wote waliomo, ndio ruta inautumia ikitaka kutangaza jambo kwa kila mtu. Huu wa wote (kwenye logi yako ndio GTK) hubadilishwa kila baada ya muda, na muda unategemea njia ya kufungia, TKIP ya zamani au CCMP mpya. Ruta nyingi ndani yake ni Linux yenye programu ya hostapd, na hostapd usipoigusa, ikiwa ufunguo wa wote ni wa TKIP inaubadilisha kila sekunde 600, ikiwa ni wa CCMP, hiyo tunayoiita AES, ni sekunde 86400, yaani mara moja kwa siku. Wewe uko kwenye 600, ndio hizo dakika kumi.

Sasa ikifika zamu ruta inapiga hodi kwa kila kifaa, "pokea ufunguo mpya". Simu zinaitika, laptopu yako mara nyingine haiitiki. Ruta inarudia mara nne, inakata tamaa, inakutoa nje. Reason 16 maana yake ndio hiyo, na kwa kuwa kwenye mstari huo hakuna neno locally_generated, aliyekata ni ruta, sio laptopu. Kuulizwa paswedi kupuuze, ile programu ya juu inakisia tu. Na bila paswedi hakuna funguo kwa hiyo hakuna hodi, ndio maana ulikaa saa tatu kwa raha.

Kinachobaki ni kujua kwa nini haiitiki. Ama haisikii, ama inasikia ila inashindwa kuufungua ujumbe.

mtumba_ofisini
Kusinzia huko. Kadi nyingi zinalala ili kuokoa chaji. Dada jaribu
sudo iw dev wlp2s0 set power_save off
mimi ilinisaidia kwenye laptopu ya nyumbani.

kopi_na_printi
Nimejaribu, nimekaa nayo nikila chapati, dakika ya arobaini ikakata. Reason 16 tena.

zabibu_chachu
Vizuri, usingizi tumeutoa kwenye orodha. Tunaenda kwenye kufungua. ath9k huwa haifungi na kufungua pakiti yenyewe, inampa kadi funguo, kadi inaziweka kwenye jedwali lake na kufanya kazi hiyo humo ndani ili prosesa ipumzike. Ufunguo wa TKIP unakula zaidi ya nafasi moja kwenye jedwali hilo kwa sababu una sehemu ya MIC pembeni, ile ya kuhakiki kwamba pakiti haijachezewa. Kadi ikizingua hapo, pakiti inatupwa na wewe huoni kitu. Iambie kadi iachie hiyo kazi, ifanywe na kerneli, yaani kiini cha Linux:

sudo modprobe -r ath9k
sudo modprobe ath9k nohwcrypt=1

Ruta usiiguse kwanza. Ukibadilisha vyote viwili kwa pamoja ikapona hatutajua kilichoponya ni kipi.

kopi_na_printi
Jamani. Kuanzia saa nane mchana mpaka nafunga saa mbili usiku haijakata HATA MARA MOJA. Nikafurahi nikaandika kwenye faili la /etc/modprobe.d ili ibaki hivyo, leo nimewasha laptopu, dakika ya ishirini chali, reason 16. Imegoma au?

zabibu_chachu
Usiamini faili, muulize draiva mwenyewe:
cat /sys/module/ath9k/parameters/nohwcrypt

kopi_na_printi
Imeleta 0.

zabibu_chachu
Basi leo haijafanya kazi kabisa. Nakili ulichoandika kwenye faili, herufi kwa herufi.

kopi_na_printi
option ath9k nohwcrypt=1

zabibu_chachu
😀 options, na s mwishoni. Rekebisha, halafu sudo update-initramfs -u, uwashe upya na uulize tena kwa cat.

kopi_na_printi
Imeleta 1. Herufi moja imenila asubuhi nzima.

mtumba_ofisini
Ila dada kwa nini ruta bado ina TKIP? Hiyo ilikuja na WPA mwaka 2003 kama kiraka cha WEP, ule ulinzi wa waifai wa kale zaidi, AES imekuja na WPA2 mwaka 2004. Weka WPA2 ya AES peke yake, usalama ni bora na hodi za kila dakika kumi zinaisha.

kopi_na_printi
Najua kaka, ila printa yangu ni ya kale inakubali WPA ya kwanza tu, nikiweka AES peke yake inapotea mtandaoni, na printa ndio mkate wangu.

zabibu_chachu
Ivute kwa kebo ya USB iachane na waifai. Jirani mwenye nia mbaya asikupate kwa sababu ya printa. Ukishafanya hivyo weka AES peke yake, urudishe nohwcrypt iwe 0, uone kama kadi inashindwa na TKIP tu au inashindwa na kila kitu. Majibu hayo pamoja na logi na toleo la kerneli unayatuma kwenye orodha ya barua pepe ya linux-wireless, kule ndiko watunzaji wa draiva hizi walipo.

kopi_na_printi
Kiingereza changu cha kuombea maji lakini nitajaribu, utanisahihishia. Kebo ya mita tatu nitaiulizia Sabasaba Jumamosi nikienda kuchukua rimu. Kwa sasa nimeiacha kwenye 1, leo siku ya tano. Kasi sijaona tofauti, kifurushi chenyewe ni cha Mbps 10, ila feni inalia kidogo nikishusha faili kubwa. Yule kijana wa fomu amerudi, ametuma, kalipa na kopi zote.

fundi_nkuhungu
Nimewasoma kimya kimya. Nina laptopu ya mteja hapa inafanya hivi hivi, nimeandika hiyo nohwcrypt haibadilishi kitu. Draiva inasema iwlwifi.

zabibu_chachu
Kila draiva na jina lake. Kwa iwlwifi ni swcrypto=1, na inafanya kazi kwenye kadi za zamani. Ila kabla ya hapo tupia reason namba ngapi. Ikiwa 15 ni hodi nyingine kabisa, ile ya mwanzo wa kuunga, na hapo hata paswedi mbovu inawezekana.

fundi_nkuhungu
15.

kopi_na_printi
Paswedi ameandika mteja au umeandika wewe? 😀