Tai Kageuka Jogoo

Kikundi: UKOO WA BI TATU (Tanga na Ughaibuni)

*Jumatatu, 31 Machi 2025*

Rashidi (Sydney): Jamaa anaondoka.

Rashidi (Sydney): Kakaa kwenye kiti cha televisheni, kanyoa vizuri, kasema mwaka huu ndiyo wa mwisho.

Idi (Dar): Nani tena? Umenishtua, nimedhani kuna msiba.

Rashidi (Sydney): Daly Cherry-Evans, DCE. Nahodha wetu wa Manly, klabu ya tai hapa Sydney.

Idi (Dar): Aaah. Wale wa mpira wa yai. Naendelea kula.

Bakari (Logan): Shikamooni wote. Mjomba Rashidi pole sana, na mimi nimeiona Channel Nine.

Rashidi (Sydney): Marahaba. Pole ya nini, mwanangu. Tangu tarehe 1 Novemba mwaka jana yuko huru kuongea na timu nyingine. Miezi mitano kila wiki ni "mazungumzo yanaendelea", "mazungumzo yanaendelea". Mimi na watu wazima wenzangu tunaamka asubuhi tunafungua simu kabla hata ya kupiga mswaki. Halafu tunakuja kuambiwa na runinga, usiku, pamoja na mashabiki wa timu nyingine.

Shemeji (Nairobi): Pole shem. Lakini huyu DCE simjui, alicheza Safari Sevens, raga yetu ya Nairobi, mwaka gani?

Bakari (Logan): Baba mdogo, hiyo ni raga nyingine. Huku Sydney na Brisbane tunacheza raga ya ligi, watu 13. Hakuna kurusha mpira pembeni na kunyanyuana. Mnakamatwa mara sita, mkishindwa kufunga mnawapa wenzenu mpira.

Shemeji (Nairobi): Ukikamatwa mara sita unapeana tu? Hiyo si raga, hiyo ni foleni ya benki. Next customer 😂

Bakari (Logan): Njoo upigwe bega moja na prop, lile jitu la mstari wa mbele, wa hapa kwetu Logan ndiyo utajua kama ni foleni.

Mama Zaituni (Gold Coast): Nimetoka zamu nikakuta ujumbe 40. Nimesoma wote. Nimecheka mpaka Zaituni katoka chumbani kuuliza mama una nini.

Rashidi (Sydney): Nilijua utakuja.

Mama Zaituni (Gold Coast): Kwa nini nisije? Miaka kumi nimeingoja siku hii. Kaka, hebu nikumbushe, Machi 2015 ulikuwa wapi?

Rashidi (Sydney): Usianze.

Mama Zaituni (Gold Coast): Naanza. Kwa faida ya mlio nyumbani. Mwezi huu huu wa tatu, 2015, bwana huyu alisaini na sisi, Gold Coast Titans. Miaka minne, kuanzia 2016. Wakati ule timu yetu ilikuwa hoi, klabu imeishiwa, ligi yenyewe ndiyo imeishika isife. Ndiyo kwanza nimehamia huku, sijui mtu, nikamwambia baba Zaituni angalau kuna mtu wa maana anakuja, na sisi tutakuwa na timu. Ilipofika Juni kageuka. Kabaki Manly, mkataba wa miaka minane, magazeti yakataja kama dola milioni 10.

Idi (Dar): Subiri. Alisaini kisha akakataa? Na hakuna mahakama?

Bakari (Logan): Sheria ya wakati ule mjomba. Unasaini timu ya mwakani huku bado unachezea ya mwaka huu, lakini mpaka raundi ya 13 una ruhusa ya kubadili mawazo. Wameshaifuta.

Mama Zaituni (Gold Coast): Wameifuta baada ya sisi kuumizwa. Na kaka yangu huyu mnayemwonea huruma alinitumia picha ya keki. KEKI. Imeandikwa "Amebaki".

Rashidi (Sydney): Ilikuwa ndogo.

Mama Zaituni (Gold Coast): Ilikuwa na mishumaa!

Idi (Dar): 😂😂😂 Rashidi jibu.

Rashidi (Sydney): Alikuwa amerudi nyumbani. Ni tofauti.

Mama Zaituni (Gold Coast): Akituvunjia sisi neno, amerudi nyumbani. Mkataba wenu ukiisha kihalali, tena kautumikia wote, anaitwa msaliti. Sawa.

Shemeji (Nairobi): Ouch.

Idi (Dar): Mimi nawaambia hamjaona sakata. Fei Toto, Desemba 2022. Kijana kaandika barua anaondoka Yanga, pesa kaingiza mwenyewe kwenye akaunti ya klabu, milioni 112. Yanga wakairudisha. TFF wakasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi sita hachezi, anaonekana kwenye mahojiano tu. Mpaka Rais alipogusia Ikulu, Juni 2023, ndiyo likaisha, kaenda Azam. Nyie wenu kasema kwa adabu, kwenye kiti.

Rashidi (Sydney): Angalau Yanga walipata hela.

Idi (Dar): Na nyie si mtauza?

Bakari (Logan): Hakuna kuuza mjomba. Mkataba ukiisha anaondoka bure. Huku klabu hazinunuani wachezaji kama kwenye soka. Kinachowabana ni kikomo cha mishahara, kama milioni 12 za hapa kwa wachezaji 30. Ukimpa mmoja milioni nzima, wengine wanagawana kinachobaki. Kwa hiyo Manly wanachopata ni nafasi ya kumlipa mtu mwingine.

Idi (Dar): Zaidi ya miaka kumi pale halafu bure?

Bakari (Logan): Tangu 2011. Zaidi ya mechi 330. Bure.

Bibi (Tanga): 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:48

Mwana (Tanga): Naandika kwa niaba ya bibi, wengine mnasema sauti haifunguki. Bibi anauliza huyo kijana ana miaka mingapi, ana mke, na hiyo kazi mpya mshahara ni mkubwa kuliko wa zamani?

Rashidi (Sydney): Shikamoo mama. Ana 36, ana mke na mabinti. Kazi mpya haijatajwa.

Mwana (Tanga): Bibi anasema marahaba. Anasema mtu wa miaka 36 mwenye mabinti haachi kazi bila kujua anakokwenda. Anasema kazi mpya ipo, nyie ndio hamjaambiwa.

Mama Zaituni (Gold Coast): Mama hajawahi kuona mechi hata moja na kashamaliza kesi.

*Jumamosi, 12 Aprili 2025*

Rashidi (Sydney): Majuzi nimeendesha basi la Brookvale, kwenye uwanja wetu wa Manly. Kapanda mzee, rika la marehemu baba. Jezi namba 7 kaivaa nje ndani, mshono wote uko nje, lebo ya kufulia inaning'inia shingoni. Nikamwambia mzee jezi umeigeuza. Akanijibu najua.

Shemeji (Nairobi): Heh.

Rashidi (Sydney): Kakaa kiti cha mbele, safari nzima hakusema kitu kingine. Alipofika kituo chake kasema asante dereva, kashuka, kaenda zake uwanjani. Hakukosa mechi.

Bakari (Logan): Lakini mjomba, tuseme ukweli. Klabu nazo zinaacha watu. Mchezaji akiumia goti wanamwita ofisini, wanampa mkono, kwisha. Hakuna anayeandika barua gazetini kwamba klabu haina shukrani. Mchezaji akifanya hivyo hivyo tunageuza jezi.

Rashidi (Sydney): Nani kakataa? Aende. 2011 mwaka wake wa kwanza tu katupa ubingwa, tumewapiga Warriors 24–10. 2013 tumefungwa fainali na Roosters, na bado medali ya mchezaji bora wa fainali kapewa yeye, wa timu iliyofungwa! Sijamnyima haki yake. Nasema tungeambiwa sisi kwanza. Nimelipa kadi ya uanachama Desemba nikiamini anabaki, kwa sababu hakuna aliyesema vingine.

Mama Zaituni (Gold Coast): Na mimi nilinunua jezi ya Titans 2015 nikiamini anakuja. Tuungane basi, tufungue chama.

Idi (Dar): Mwenyekiti bibi.

*Jumanne, 10 Juni 2025*

Bakari (Logan): Mmesikia? Queensland wamemtoa!

Shemeji (Nairobi): Nani, yuleyule?

Bakari (Logan): Yuleyule. Mechi ya kwanza ya Origin, ile ya jimbo letu dhidi ya New South Wales, tumefungwa 18–6 hapa hapa Brisbane. Kaachwa, Tom Dearden anaingia, unahodha kapewa Munster. Nahodha tangu 2019, kaachwa katikati ya mashindano.

Rashidi (Sydney): Huo ni uonevu. Waliokuwa wanadondosha mipira ni yeye peke yake?

Mama Zaituni (Gold Coast): Haya, leo umekuwa wakili wake?

Rashidi (Sydney): Nyie wa Queensland msimguse. Kumsema ni haki yetu tuliomlipia kiingilio.

Mama Zaituni (Gold Coast): Hata sisi tuna historia naye. Baada ya mwaka ule wa 2015 hakuchezea tena Queensland mpaka mechi ya tatu ya 2018. Watu hawakusahau haraka.

Idi (Dar): Kwa hiyo kaachwa huku, kaacha kule. Kazi mpya ya bibi imetangazwa?

Rashidi (Sydney): Kila mtu anasema Roosters. Wenyewe kimya. Manly nao wameshamchukua Jamal Fogarty wa Canberra kwa mwakani. Yaani mrithi kapatikana, mwenye nyumba bado yumo ndani, anakula mezani, anaongoza dua.

Bakari (Logan): Na yeye na wenzake wa Manly wanapiga pasi pamoja kila Jumanne kama hakuna kitu. Mimi timu yetu ya vijana, mwenzetu mmoja alisema tu anafikiria kuhamia timu ya jirani, kocha akamweka benchi wiki tatu.

Mama Zaituni (Gold Coast): Huyo kocha mwambie ataniona.

Bakari (Logan): Siyo mimi mama mdogo!

Mama Zaituni (Gold Coast): Sijasema ni wewe. Nimesema ataniona.

Rashidi (Sydney): Mnajua kinachoniudhi zaidi? Kieran Foran. Yeye na Cherry-Evans walikuwa pacha pale kati, 2015 wote wawili wakasaini kwingine. Foran kasaini Parramatta, kaenda kweli, hakugeuka. Watu wakamwita mlafi. Yule aliyegeuka tukamkatia keki.

Mama Zaituni (Gold Coast): Ulimkatia WEWE. Na Foran unajua yuko wapi? Kwetu. Tangu 2023. Kazunguka timu chungu nzima kisha kaja Gold Coast, mwaka huu anastaafu hapa. Nimemwona sokoni na kofia yake ya jua. Nilimwambia asante kwa kuja. Akacheka, hakujua nasema nini.

*Jumatano, 9 Julai 2025*

Bakari (Logan): QUEENSLAAAAND 24–12 huko huko kwao Sydney. Mbili kwa moja! Shikamoo mjomba Rashidi 🙏🏾

Rashidi (Sydney): Marahaba. Nipo kazini.

Mama Zaituni (Gold Coast): Yupo kazini saa tano usiku, kajificha garini 😂

*Jumamosi, 11 Oktoba 2025*

Idi (Dar): Rashidi, nimeona picha. Yule jamaa yako kavaa nembo ya jogoo.

Rashidi (Sydney): Nimeona.

Idi (Dar): Kwa hiyo tai kageuka jogoo. Bibi alisema Machi.

Mwana (Tanga): Bibi anasema alisema Machi.

Rashidi (Sydney): Roosters! Kulikuwa na timu 15 nyingine, na zote zingekuwa sawa. Ningekubali hata Titans. Walewale waliotunyang'anya fainali ya 2013. Kutoka kwetu mpaka kwao ni kuvuka ghuba tu, mabinti hawabadilishi hata shule.

Bakari (Logan): Si ndiyo sababu mojawapo, mjomba? Ana 36, ametafuta karibu na nyumbani. Ungekuwa wewe ungehamia Townsville na familia yote kwa mwaka mmoja au miwili?

Rashidi (Sydney): Usinitumie akili saa hizi. Wewe furahia Broncos wako wa Brisbane.

Bakari (Logan): Nafurahi mjomba. 26–22 dhidi ya Melbourne, sauti bado haijarudi. Mama kanikataza kuimba ndani.

Shemeji (Nairobi): Nilitazama hiyo fainali kwa simu. Nakubali, ile si foleni ya benki. Yule Walsh wa Broncos ni nani anamlisha?

Bakari (Logan): Karibu kwenye ligi baba mdogo.

Mama Zaituni (Gold Coast): Rashidi, siku Roosters wakija Brookvale mwakani utakwenda?

Rashidi (Sydney): Nitakwenda mapema. Nitazomea mpaka koo likauke.

Mama Zaituni (Gold Coast): Na akipiga lile teke lake la mita 60, mpira ukadunda kwenye kona?

Rashidi (Sydney): Nitazomea polepole.

Idi (Dar): Tukimaliza ya majogoo. Mchango wa harusi ya Mwana mwisho ni Jumamosi ijayo. Orodha iko juu, nimeibandika mara ya pili. Waliobaki ni mmoja tu, anajijua, yuko Sydney.

Rashidi (Sydney): Mazungumzo yanaendelea.

Mwana (Tanga): Mjomba!!!

Mwana (Tanga): Bibi anasema una mpaka raundi ya 13.