Subaru Forester: SG5 ya injini ya EJ20 ama SJG ya injini ya FA20, ipi yafaa kuongezwa nguvu?

MtotoWaKisauni
Assalam aleikum wakubwa. Nataka Subaru Forester ya taabo (ile ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini) na nimekwama kati ya mbili, kuna SG5 ya 2005 hapa Tudor ina injini ya EJ20 na gia za mkono, na nyengine ni SJG, toleo jipya zaidi, ya injini ya FA20 iko yadi. Hiyo FA20 yatoka kiwandani na farasi 280, ile SG5 ni 220, hesabu yaonekana rahisi lakini kila fundi nikimuuliza aniambia chukua ya zamani, ati mpya haichezeki. Ni kweli ama hawaijui tu?

FundiJomvu
Yote mawili mdogo wangu 😂 EJ nishaifungua mara ngapi sijui, kila kitu chaeleweka. Nozeli zapuliza mafuta kwenye inteki (njia ya hewa ya kuingia injini), wataka mafuta zaidi wabadilisha nozeli na pampu basi. FA20 yapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, presha ni ya juu sana na pampu yake ndiyo itakukwamisha ukianza kutafuta nguvu kubwa, halafu petroli haipiti kwenye valvu za inteki kuziosha kwa hivyo masizi yajazana pale. Lakini usidanganywe na EJ pia, ukiongeza busti (presha ya taabo) bila kurimapu, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, pistoni yapasuka pale kwenye ringi, nimeziona mezani kwangu si moja si mbili.

TaaboLikoni
Fundi heshima yako ila hapo wamtisha kijana. EJ ni silinda ya upana wa mm 92 na mwendo wa pistoni mm 75, FA ni 86 kwa 86, ndio maana FA yavuta mapema, toki (nguvu ya kuzungusha) ni 350 Nm tangu mizunguko 2000 kwa dakika, EJ wangoja taabo iamke. Taiming ya FA ni chen, hakuna mambo ya mkanda kila kilomita laki moja. Na rimapu peke yake yaongeza nguvu ya kuhisi kabisa. Shida ya SJG si injini, ni CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), hiyo haipendi toki nyingi na SJG ya Japani haikuja na gia za mkono.

FundiJomvu
Hapo kwa CVT nakuunga mkono, hilo ndilo neno lenyewe.

MtotoWaKisauni
Mie kusema kweli natumia kwenda kazini tu, foleni ya daraja la Nyali asubuhi na jioni, wikendi naenda Malindi. Pesa ya kufungua injini sina.

TaaboLikoni
Sasa ungesema mapema!! Kwa foleni ile na joto hili intakula (kipoza hewa ya taabo) ya juu ya injini yachemka zote mbili, farasi zako zaishia hapo hapo kwenye foleni. Chukua SJG, badilisha oili ya CVT, iache ilivyo.

FundiJomvu
Na ile SG5 ya Tudor nitumie namba ya mwenyewe inbox 😅