MTU MZIMA ANANIZIMIA MAIKI KISA NAIPENDA LET IT BE YA 1970

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Mliokuwepo kwenye chumba cha sauti jioni hii mmejionea wenyewe. Ambao hamkuwepo, mhusika mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule. Yule ambaye ukiweka picha ya jalada la albamu anakuja kukuhoji toleo la mwaka gani, kama vile yeye ndiye aliyeibeba mikanda kutoka studio.

Tulikuwa tunalinganisha albamu ya Beatles, Let It Be ya Mei 1970, na ile iliyovuliwa madoido ya Novemba 2003, Let It Be... Naked. Wimbo kwa wimbo, ya zamani kwanza, halafu ya baadaye. Mambo safi kabisa. Tukafika The Long and Winding Road. Nikasema mimi naipenda yenye okestra. Basi, sentensi moja! Jamaa akacheka kile kicheko cha puani, akasema "una masikio ya mapambo wewe", AKANIZIMIA MAIKI. Mbele ya watu wote. Nabonyeza kitufe, hakuna kitu. Nabonyeza tena, hakuna kitu. Namsikia tu anaendelea kuhubiri usafi wa muziki na mimi nimo humo ndani, bubu.

Halafu msije mkaniambia sijui historia. Najua tarehe 1 Aprili 1970 Phil Spector, mtayarishaji aliyeimalizia albamu ile, alijaza studio violini 18, kinubi na waimbaji 14 wa kike. Najua Paul McCartney, mwenye wimbo, hakushirikishwa, na aliandika barua kali, kinubi cha mwisho akitaka kiondolewe kabisa. Naijua yote. Lakini Ringo, mwenzake wa Beatles, alikuwepo siku hiyo anapiga ngoma! Lennon alimtetea Spector waziwazi, tena yeye na Harrison, wote wa Beatles, wakamchukua kwa albamu zao zilizotoka mwaka huohuo wa 1970. Na hao wana masikio ya mapambo? Wazimiwe maiki?

Pale violini zinapopanda na kwaya inaingia nyuma ya sauti ya Paul, na piano yake bado inasikika chini yake, mimi nywele zinasimama. Kila mara. Sitaomba radhi kwa hilo hata nikizimiwa maiki elfu.

Na huyu mhubiri wa usafi aniambie: Don't Let Me Down ya kwenye Naked ni ya siku moja, sawa, ya tamasha la juu ya paa, 30 Januari 1969. Ila ni teki mbili, yaani wimbo umepigwa mara mbili, zimekatwa zikaungwa. I Me Mine ilirekodiwa ikiwa dakika moja na nusu tu, Spector akairefusha kwa kurudia kipande. Kwenye Naked urefu ule umebaki vilevile! Wamemfukuza Spector, mkasi wake wakabaki nao. Hayo ndiyo nilitaka kuyasema. Sikuyasema. Kwa nini? MAIKI.

Kwa kweli kanidhalilisha. Wasimamizi mpo? Au na nyie mmezimiwa?

—

Mzee wa Vinili: Mkuu punguza povu. Mimi nilikuwepo. Hiyo "sentensi moja" ilianzia kwenye wimbo wa pili na ilikuwa bado inaendelea.

Kamba Sita: 😂😂😂 Alikuwa kwenye kinubi, nakumbuka. Tulikuwa tunaelekea kwenye trombone.

Mtoa mada: Hata ningeongea mwaka mzima, ndiyo mtu unizimie maiki? Kwenye chumba ambacho MIMI nilipendekeza tukutane?

Binti Piano: Pole kwa maiki kaka, hapo amekukosea. Ila mlikuwa mnabishana hewani. The Long and Winding Road ya kwenye Naked si ile ya 1970 iliyotolewa violini. Ni teki nyingine, ya 31 Januari 1969, siku moja baada ya tamasha la paa. Ile ya 1970 Spector aliijengea juu ya teki ya tarehe 26. Sikilizeni ubeti wa mwisho, hata maneno yanatofautiana kidogo. Na ile ya 26 anayepiga besi ni Lennon, anavyokosea noti huhitaji spika nzuri kumsikia. Mimi naamini okestra ilisaidia kufunika.

Mtoa mada: Asante dada! Haya yote ningeyasema mimi NISINGEZIMIWA MAIKI.

Kamba Sita: Usingeyasema. Umeyajua sasa hivi.

Nyuzi Tupu: Mimi niko upande wa mhusika na sijifichi. Across the Universe ya Naked inawazidi wote. Spector aliushusha kasi wimbo, akaumwagia kwaya juu. Hii ya 2003 ni kasi yake halisi, Lennon na gitaa lake, sauti iko karibu unasikia anavyovuta pumzi. Na wameondoa Dig It na Maggie Mae, ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu anazikosa.

Mzee wa Vinili: Nazikosa mimi. Albamu bila utani wa studio inakuwa imepigwa pasi. Get Back imewekwa mwanzo, Let It Be imewekwa mwisho, kila kitu kimepangwa kistaarabu. Wale watu Januari ile walikuwa wanagombana hadi Harrison akaondoka siku kadhaa. Ustaarabu wa nini?

Ngoma Mbili: Samahanini, mnalilia violini ZILIZOPO? Sisi wa Metallica tunalia besi ISIYOKUWEPO tangu 1988. ...And Justice for All, mpiga besi Jason Newsted amepiga albamu nzima, hasikiki. 2018 wakaitoa tena kwa mbwembwe, tukakimbilia, besi palepale kaburini.

Chuma Kizee: Hapo umenigusa kidonda. Newsted alikosewa kuliko mtu yeyote kwenye huu uzi.

Mtoa mada: Kuliko mimi niliyezimiwa maiki?

Chuma Kizee: Ndiyo. Yeye kazimiwa albamu nzima.

Bibi Distoshen: Mkitaka kulia vizuri njooni kwenye Raw Power, albamu ya bendi ya Stooges. Ya 1973 aliyechanganya sauti zake ni David Bowie, watu wakanung'unika miaka na miaka kwamba ni nyembamba. 1997 mwimbaji wao Iggy Pop akaichanganya upya mwenyewe, akasukuma vyote hadi mwisho. Kila kitu kinapasuka. Kichwa kiliniuma kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Ngoma Mbili: Hiyo ya 1997 ndiyo yenyewe, bibi! Gitaa la James Williamson linakuja kukupiga usoni.

Bibi Distoshen: Usiniite bibi kwa kebehi. Na usiguse miksi ya Bowie. Alisimulia mwenyewe kwamba alipewa mkanda wa traki 24, yaani njia 24 za kurekodia sauti, zilizotumika ni tatu tu: bendi imelundikwa kwenye moja, gitaa moja, sauti moja. Ulitaka afanye miujiza?

Kamba Sita: Mashabiki wa bendi ya Rush mbona mmekaa kimya? Albamu yenu Vapor Trails ya 2002 ilikuwa makelele matupu.

Mzee wa Vinili: Sisi angalau 2013 tulirudishiwa miksi mpya. Tumeshatulia. Tunawaangalia nyie wa besi.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada tafadhali. Msimamizi hajajibu mpaka sasa. Suala la maiki linaishaje?

Chuma Kizee: Maiki gani?

Nyuzi Tupu: Ya Raw Power? Mimi nilidhani tatizo lilikuwa traki.

Bibi Distoshen: Traki. Tatu. Nimeshasema.

Ngoma Mbili: Nimefungua uzi wa besi ya Justice, hamieni kule. Mwenye spika kubwa aje nazo.