Mboga za nyumbani: matuta, viroba au kuendelea kununua gengeni?

Mama Tausi, Mbagala
Habari za jioni, ndugu zangu. Kwangu tunakula mboga za majani karibu kila siku. Gengeni fungu la mchicha ni shilingi 500, na kwa watu sita fungu moja halitoshi, nachukua mawili. Nyumba nimepanga, ina uwanja mdogo nyuma, kama mita sita kwa nne, udongo wake mchanga mtupu. Jirani anasema nipige matuta, shemeji anasema nipande kwenye viroba. Kipi kitanirudishia pesa? Mliofanya naomba mtaje gharama zenyewe.

Kitalu_Moro
Mama Tausi, anza na maji. Samadi na mbegu unanunua mara mojamoja, maji ni kila siku. Kipindi cha jua kali mita moja ya mraba ya mboga inataka kama lita sita kwa siku. Ukilima mita kumi tu za huo uwanja, ni madumu matatu ya lita 20. Dumu likiwa shilingi 100 bombani, unatoa 300 kwa siku, wakati gengeni unaacha 1,000. Hapo inalipa. Ukinunua maji ya mkokoteni kwa 500 dumu, ni 1,500 kwa siku, na mchicha wa gengeni unakuwa nafuu kuliko wako. Kwa hiyo kabla ya tuta au kiroba, tuambie maji unayapata wapi.

Shiru wa Kayole
Mimi ni wa magunia. Hapa Nairobi yalishika sana Kibera baada ya vurugu za 2008, watu walipokosa chakula. Unachukua mkebe usio na kitako, unausimamisha katikati ya gunia, ndani yake unatia kokoto, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe. Kisha unauvuta mkebe juu kidogo na kurudia, hadi gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini. Sukuma wiki unaichomeka kwenye matundu ya ubavuni, juu unaweka vitunguu au dania. Sukuma unachuma majani ya chini na shina linaendelea, miezi na miezi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yote yanaingia humo. Ila gunia la plastiki jua hulichakaza, utalibadilisha.

Bakari_Tanga
Dada Shiru, Nairobi kuna ubaridi. Huku pwani kiroba kinapigwa jua pande zote, mchana udongo umeshakauka, unamwagilia asubuhi na jioni. Mama, kwenye mchanga usinyanyue tuta, lizamishe. Chimba kina cha kiganja, changanya samadi nyingi, panda humo chini, halafu funika na nyasi kavu. Maji yanabaki pale pale. Na anza na matembele: mbegu hununui, unaomba marando kwa jirani, unachomeka, na ukichuma yanachipua tena. Mchicha nao unachuma kabla mwezi haujaisha.

Neema, Arusha
Naongeza moja: msidanganywe na nyanya. Inakaa shambani miezi mitatu, inataka vijiti na dawa, na tangu kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014 mche usiotazamwa kila siku unaisha. Nyanya nunua sokoni. Majani ndiyo yanayolipa nyumbani, kwa sababu unachuma kidogo kidogo kila siku na hakuna kinachooza. Faida nyingine mimi naithamini kuliko pesa: najua kilichopuliziwa. Vidukari nawamwagia maji ya mwarobaini, basi. Ya sokoni huwezi kujua yalipuliziwa dawa lini.

Mama Tausi, Mbagala
Asanteni sana, nimeelewa. Maji ni ya bomba la mwenye nyumba, tunachangia bili, kwa hiyo nipo upande wa nafuu. Kinachonitia wasiwasi ni kupanga. Nikiambiwa nihame, samadi yote niliyochimbia inabaki.

Bakari_Tanga
Hapo kwenye kuhama hoja ya viroba inanishinda, nakubali. Basi gawa: matembele na mchicha ardhini, havina gharama ya kukuuma, na sukuma, ambayo ni ya kukaa muda mrefu, iweke kwenye viroba vichache upande wenye kivuli cha saa nane. Ongea na mwenye nyumba mapema pia, maana bili ikipanda wapangaji wenzako watauliza.

Kitalu_Moro
Na samadi ikiwa ya kuku, usiitie mbichi, inaunguza miche. Ilundike, imwagie maji, ifunike, uigeuze mara kwa mara hadi ipoe na harufu ile kali iishe. Ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu zizini unaweza kuitumia mara moja. Wafugaji wengine huitoa bure ukienda na kiroba chako.