Mtoto anaimba silabi, lakini neno linamshinda

Swali, kutoka kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, Shinyanga vijijini

Ndugu walimu wenzangu, nina wanafunzi 94, na wengi wao huzungumza Kisukuma nyumbani. Tangu Januari nimewafundisha irabu na silabi, nao huimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea. Hata hivyo, nikiweka kidole kwenye "bo" peke yake, mtoto hurudi mwanzo wa mstari, akanong'ona "ba, be, bi", ndipo anapoifikia. Neno "babu" linamshinda kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu mstaafu

Mwalimu, nami nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, kabla hata ya mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015. Wanachokijua watoto wako ni wimbo. Macho yao bado hayajaitazama herufi yenyewe. Kata maboksi ya sabuni, andika silabi moja kwenye kila kadi, kisha uzichanganye ili mpangilio wa irabu usimsaidie mtoto kubahatisha. Kwa konsonanti m, k na t pekee unapata silabi 15, zinazotosha kuunda mama, kaka, kuku, moto, tatu na mengine mengi, kwa hiyo usisubiri umalize alfabeti ndipo uanze maneno. Vilevile, tanguliza sauti kabla ya jina la herufi, kwa maana mtoto aliyezoea kuiita m "em" atahangaika sana kuiunganisha na "a" apate "ma".

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa Darasa la Pili, Mwanza

Nakubaliana na kadi, ingawa nisingeutupa wimbo, kwani katika darasa la watoto 94 ndio unaowatuliza. Waimbishe kutoka nyuma, "bu, bo, bi", kisha uruke silabi ghafla.

Suala la Kisukuma ni zito zaidi. Mtoto anaweza kuunganisha "ki" na "ma" vizuri, lakini ikiwa hajawahi kusikia neno "kima", hana namna ya kujua kama amepatia. Anza na maneno anayoyatumia uwanjani. Akisoma "kurudi" akatamka "kuludi", usimhesabie kosa la kusoma, maana hilo ni la matamshi. Jihadhari pia na "mtu": katika mstari wa "ma, me, mi" herufi m haisimami peke yake hata mara moja, ndiyo maana wengi husoma "mutu".

Muuliza swali

Nawashukuru. Leo nimewaita wanafunzi sita mezani, nikawapa kadi za "ta" na "tu". Wanne wamesoma "tatu", mmoja amesoma "tuta" kwa kuwa alizipanga kinyume, na nimempa alama zote. Wa sita ameanza kuimba. Huyo nitakaa naye kesho wakati wa mapumziko.