Clash Royale: deki yangu ni ya vigogo watupu, mbona Hog Rider ananinyoosha kila jioni?

KinyoziMsamvu

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni kinyozi hapa Morogoro, nacheza Clash Royale, lile gemu la simu la kubomoa minara ya mwenzio kwa kadi nane, wateja wakipungua. Deki yangu ni PEKKA, Mega Knight, Elite Barbarians, Wizard, Witch, Balloon, Skeleton Army na Arrows. Zote nimezipandisha kwa jasho, sijatoa hata shilingi. Wastani wa eliksa, yaani gharama ya kushusha kadi moja, gemu inaniandikia 5.1.

Mechi zangu zinafanana. Naanza vizuri, PEKKA anavuka daraja, Wizard yuko nyuma yake, naona kabisa mnara wa mwenzangu unaondoka. Halafu jamaa anashusha Hog Rider, yule mpanda nguruwe anayekimbilia mnara, upande wa pili. Mimi hapo nina eliksa mbili, nabaki kumwangalia anavyogonga nyundo. Namtoa kwa tabu, sijapumua, Hog mwingine huyo hapo darajani. Ukiangalia kadi zake ni vitu vya ajabuajabu, vifupa vitatu na kipepo cha barafu, lakini mwisho wa mechi vikombe vinaondoka kwangu.

Naombeni ushauri, shida ni levo au ni kadi? PEKKA sitaki kumtoa, nimemlisha sana yule. Halafu mtandao wa hapa kijiweni ukifika jioni unagandaganda, sijui kama nao unachangia.

Mti_Mkavu

Toa Mega Knight, weka Hog. Kesi imekwisha.

ZamuYaUsiku_Tanga

Kesi haijaisha, Mti Mkavu, umemwekea Hog kwenye gari lenye mzigo ule ule.

Kaka kinyozi, mimi nakaa mapokezi ya gesti usiku, wageni wakishalala nina saa nyingi za kufikiria mambo haya, kwa hiyo nivumilie. Levo weka pembeni kwanza. Tazama hesabu.

Eliksa moja inaingia kila sekunde 2.8, kwako na kwake sawasawa, na chupa ya eliksa ikifika 10 inayozidi inapotea. Dakika mbili za kwanza zinawapa kila mmoja kama eliksa 43, ukiacha ile ya kuanzia. Halafu kuna hii ambayo watu wa deki nzito hawaitazami: kadi ukishaitumia hairudi mkononi mpaka utumie nyingine nne. Sasa wewe umerusha Balloon, ni 5. Njia nyepesi kabisa ya kuirudisha kwenye deki yako ni Skeleton Army 3, Arrows 3, Wizard 5, Witch 5. Jumlisha na Balloon yenyewe, 21. Ni karibu dakika nzima, na hiyo ni kama mpinzani amekuacha utoe kadi unazotaka, jambo ambalo halitatokea.

Yule anayekutesa nina hakika anacheza deki maarufu ya 2.6, yaani wastani wa eliksa 2.6: Hog Rider 4, Musketeer 4, Fireball 4, Cannon 3, Ice Golem 2, Log 2, Ice Spirit 1, Skeletons 1. Hebu jumlisha. Zote nane ni 21. Kwa eliksa uliyotumia kurudisha Balloon moja, mwenzio ameshusha deki nzima. Na Hog wake anarudi kwa 6 tu, akipitisha vifupa, kipepo, Ice Golem na Log. Kwa hiyo akishambulia, akazungusha, akashambulia tena, wewe bado unasubiri PEKKA atoke nyuma ya mnara wa mfalme. Vile vitu vya ajabuajabu ndivyo vinavyomrudishia Hog, na ndivyo vinavyomzungusha PEKKA wako katikati ya uwanja minara miwili ikimchoma.

Hapo ndipo ugomvi wangu na watu wanaouliza "deki kali ni ipi" unapoanzia. Unaweza kuchukua nane hizo hizo za 2.6, ukazishusha ovyo, ukapigwa na deki yako ya zamani. Ukali wake uko kwenye kuhesabu, na si eliksa yako peke yake, na ya mwenzio pia. Wazee wa huku pwani wakicheza wahedi na sitini hawaangalii karata zao tu, wanajua turufu zipi zimeshatoka mezani na zipi bado ziko kwa nani. Huku ni rahisi zaidi, maana mpinzani ana kadi nane tu. Ukishaziona zote nane, unajua nne ziko mkononi na nne ziko njiani. Akitumia Cannon kumzuia Hog wako, hesabu kimoyomoyo kadi anazotoa: moja, mbili, tatu. Hajafika nne? Cannon hana. Mshushie Hog mwingine sasa hivi, usingoje chupa ijae.

Hivyo hivyo kwenye eliksa. Mtu akishusha Golem nyuma ya mnara wa mfalme, ametoa 8. Kama chupa yake ilikuwa imejaa, ana 2. Watu wengi wakimwona Golem wanaanza kujikusanya kwa hofu, wanapanga ulinzi upande ule ule. Ule ndio muda wa kumpiga upande wa pili, kwa sababu Golem anatembea polepole mno na mwenye Golem hana kitu mkononi cha kukuzuia. Mwenye Hog ndicho alichokuwa anakufanyia wewe: alikuona umeshusha PEKKA.

Levo nayo ina kazi yake, sikatai. Kila levo inaongeza nguvu kama asilimia 10, na kuna mahesabu yanayovunjika kabisa. Log ya levo sawa inamuua Princess. Ikiwa levo mbili chini yake, Princess anabaki amesimama anakurushia mishale kwa mbali. Ndiyo maana mtu asiyenunua anapaswa kuchagua kadi nane na kuzilisha hizo hizo, badala ya kugawa dhahabu kwa kila anayepita. Deki ya 2.6 ina Legendary moja tu, yaani kadi adimu sana, hiyo Log. Nyingine zote ni Rare na Common, za kupatikana kirahisi, zinajaa haraka kwa maombi ya klani.

Boda_Likoni

Dada wa Tanga kasema kweli kwenye hesabu, lakini mimi simshauri ndugu yetu aende 2.6, na sababu kaisema mwenyewe halafu watu wote mkaipita: mtandao unaganda.

Ile deki inakula kwa vipimo vidogo vidogo. Vifupa vitatu ukivichelewesha kidogo tu, havimzunguki PEKKA, vinakanyagwa. Ice Golem ukimweka kigae kimoja kando, Mini PEKKA hamfuati, anaendelea na mnara. Sasa mtu ambaye simu inaganda, ikirudi mechi imeshasonga, vifupa vitamfaa nini? Mimi nacheza nikiwa stejini nangoja abiria, bando la bei ya chini, nalijua hilo tatizo. Kadi inayovumilia kuchelewa ni ile yenye mwili. PEKKA ukimshusha umechelewa kidogo bado atamfyeka Hog. Kwa hiyo PEKKA abaki, ila wenzake wapungue uzito.

Watu wa juu wana deki ya PEKKA ya kukimbiza darajani: PEKKA, Battle Ram, Bandit, Royal Ghost, Electro Wizard, Magic Archer, Poison na Zap. Wastani 3.9. Tamu sana, ila Legendary humo ni nne, na kwa mtu asiyenunua ni safari ndefu. Tafuta ya mtu wa kawaida.

Na hao Elite Barbarians na Mega Knight waweke kapuni, ndugu yangu. 6 na 7. Pamoja na PEKKA una kadi tatu zinazotaka eliksa 20 na chupa inabeba 10. Zikikukalia mkononi zote tatu utafanya nini, uombe dua?

KinyoziMsamvu

Hapo kwenye dua nimecheka mpaka mteja kageuka, nusura nimharibie upara.

Asanteni sana. Nimekaa nikapangua. Nimefika hapa: PEKKA 7, Hog Rider 4, Musketeer 4, Fireball 4, Minions 3, Zap 2, Goblins 2, Skeletons 1. Inasoma 3.4. Legendary hakuna hata mmoja. Dada wa Tanga, naomba uipitie. Balloon imeniuma kuitoa, nisikufiche.

Na kingine, huyo PEKKA nimshushe wapi mwanzo wa mechi? Mimi huwa namweka tu nyuma chupa ikijaa.

ZamuYaUsiku_Tanga

Imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Hog wako sasa anarudi kwa 8, ukipitisha Skeletons, Zap, Goblins na Minions. Pamoja na yeye mwenyewe ni 12, kama sekunde 34. Si 2.6, lakini si dakika nzima tena. Boda kanishinda kwenye mtandao, nakubali, mimi gesti kuna waya na nilisahau wenzangu mnaishije.

PEKKA mwanzo wa mechi usimshushe kabisa. Hujui mwenzio ana nini. Akiwa na Skeleton Army ya 3, anamzunguka PEKKA wa 7, na wewe umeshapoteza 4 kabla ya salamu. Anza na kitu chepesi, Skeletons nyuma, au Goblins darajani, umwone anajibu kwa kadi gani. PEKKA ni wa kuzuia. Mngojee Hog wake, Giant wake, Mega Knight wake avuke, umshushe PEKKA karibu, awamalize. Akibaki hai anaanza kutembea kuelekea kwao. Hapo unamrushia Hog mbele yake, na mpinzani sasa ana watu wawili wa kushughulikia wakati eliksa yake imeishia kwenye shambulio lililokufa. PEKKA yule hajakugharimu kitu, umeshamlipia kwenye ulinzi.

Dakika ya mwisho eliksa inaingia mara mbili. Hapo ukitaka kumweka nyuma ya mnara wa mfalme kama ulivyozoea, ruksa, maana akifika darajani chupa imejaa tena. Mechi ikienda muda wa nyongeza, dakika yake ya pili inaingia mara tatu, na wewe mwenye PEKKA ndio unakuwa na raha kuliko mwenye vifupa.

Fireball usiitupe kwa Musketeer peke yake. Kwa levo sawa hafi, anabaki na uhai kidogo. Ngoja amsogeze karibu na mnara, au awe na mwenzake kando, uwapige pamoja.

Mti_Mkavu

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Toa Mega Knight, weka Hog.

Boda_Likoni

Mti Mkavu bwana 😂

Kinyozi, tahadhari moja. Deki hiyo haina jengo, yaani kadi ya aina ya Cannon. Ukikutana na Lava Hound na Balloon, wanaoruka wote, PEKKA hawezi kuwagusa, Goblins hawawezi, umebaki na Musketeer na Minions. Musketeer usimtoe mapema kwa mchezo huo hata kidogo. Mlinde kama simu mpya. Lava Hound 7 akishushwa nyuma, fanya alivyosema dada, Hog upande wa pili papo hapo, umlazimishe atumie eliksa ya Balloon kujilinda.

Ukitaka kujifunza kuhesabu kadi, baada ya kushindwa ingia kwenye kumbukumbu za mechi, fungua marudio. Utaona mkono wa mwenzio na eliksa yake yote. Angalia alikuwa na ngapi pale ulipoogopa kushambulia.

KinyoziMsamvu

Nimetoka kufungua marudio ya jana. Jamaa wa Hog alikuwa na eliksa moja. Mimi nilikuwa na 9 na Balloon mkononi, nasubiri zifike 10 nishushe Mega Knight.

Nauliza tu, Minions na Archers ipi bora hapo? Archers zangu ziko levo moja juu.

ZamuYaUsiku_Tanga

Zote ni 3, hesabu haibadiliki. Minions wanaruka, kwa hiyo PEKKA wa mwenzio, Hog na Valkyrie hawawafikii, ila Arrows zinawafuta wote kwa mpigo. Archers Valkyrie anawafyeka. Wewe huna jengo, unahitaji kitu cha kumla Hog haraka. Baki na Minions, dhahabu ya wiki hii iende kwao.