Toroli la kompyuta lenye betri, la laptopu, au tableti: kipi kinafaa wodini?

Kitengo_TEHAMA: Wakuu, tunataka muuguzi askani dawa na bangili ya mgonjwa palepale kitandani. Kuna njia tatu: toroli lenye betri kubwa inayolisha kompyuta, skrini na skana, toroli jepesi la kubebea laptopu, au tableti mkononi. Naelemea la kwanza, ila bei na uzito vinanitisha.

SistaWaZamu: Tableti nyepesi, sikatai. Lakini mkono mmoja una tableti, wa pili skana, dawa utaiweka wapi? Juu ya shuka la mgonjwa? Na kuandika maelezo marefu kwenye kioo ukiwa umevaa glavu ni adhabu. Hiyo mpeni daktari wa raundi asome majibu ya maabara. Kwa kugawa dawa nataka toroli lenye droo za kufunga, na meza inayopanda na kushuka, maana hatulingani urefu.

FundiVifaaTiba: Kabla ya bei, uliza betri. Ya risasi na asidi ni nafuu lakini nzito, na ukiimaliza chaji kila siku inachoka baada ya mizunguko mia chache. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma hufika 2,000 na kuzidi. Nzuri kuliko zote ni ya kuchomoa: moja inachaji ukutani, nyingine iko kazini, kompyuta haizimiki. Betri ya ndani ikishachoka, toroli linashinda kwenye soketi. Hapo mmenunua meza ya bei mbaya.

Kitengo_TEHAMA: Laptopu si ina betri yake, mkuu?

FundiVifaaTiba: Inayo, ila skana ikinyonya humohumo na skrini ikiwaka muda wote, usiitegemee zamu ya saa 12. Angalia pia IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme. Kinabana umeme unaovuja karibu na mgonjwa, na kina jaribio la kuinamisha kifaa nyuzi 10 bila kuanguka.

Msafi_Kwanza: Mmesahau kufuta! Muuzaji ataje kwa maandishi dawa za kusafishia ambazo plastiki ya toroli inastahimili. Klorini ya kila siku hupasua baadhi ya plastiki na kutia skrubu kutu. Kibodi iwe ya kufutika, isiyo na mianya.

SistaWaZamu: Na magurudumu yawe makubwa. Madogo hunasa kwenye mwanya wa lifti.

Kitengo_TEHAMA: Basi naomba la betri ya kuchomoa, la majaribio kwanza. Sista, utalisukuma wewe kabla sijasaini chochote.